Alhamisi Isiyofungika

Usiniulize nilikuwa na umri gani. Nilikuwa na umri wa Alhamisi.

Kwetu siku haiishi kwa jua kuzama. Huisha pale mtu, hata mmoja tu, anapofunga mlango wake, na hapo ndipo jua, ambalo lilikuwa limesimama tu kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini hajasindikizwa, linapopata ruhusa ya kwenda zake. Sasa Alhamisi hiyo haukufungika mlango hata mmoja mji mzima. Jua likakaa palepale juu ya paa la mashine ya kusaga, saa ya alasiri, likaendelea kukaa. Tulipika, tukala, tukalala, tukaamka: Alhamisi, alasiri. Watoto wakaota meno, yakang'oka, yakaota mengine. Alhamisi, alasiri. Mimi mwenyewe nikiinama kufagia nilikuwa na miaka ishirini, nikiinuka nina tisa, na ufagio ni uleule.

Na ndani ya Alhamisi hiyo dada yangu Tunu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono ameinyoosha mbele kama anayepokea mtoto, hina mbichi viganjani. Haikauki. Hina hukauka kesho, na kesho ilikuwa imekwama nje.

Ngoja nieleze vizuri. Nimeishia darasa la saba, na mwalimu wangu alikuwa akiniambia, Mwajabu, anza na jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni mlango. Kwetu ndoa haikamiliki kwa pilau wala kwa karatasi. Bibi arusi husimama ndani ya chumba chake kipya, akausukuma mlango kwa kidole cha mwisho, hicho kidogo, kimoja tu. Mlango ukienda, ukafika, ukalia ka, walioko nje wanapiga vigelegele: ameolewa. Ukifika ukarudi, hajaolewa, na hakuna dua ya kuubembeleza. Mjomba wetu Mbwana, fundi seremala, alikuwa amekwisha kumtengenezea Tunu milango sita. Yote sita ilienda, ikafika, ikagusa, ikarudi. Mbao zilizobaki zilitosha mlango mmoja. Na upande wa bwana arusi walikwisha kusema: wa saba ukirudi, na sisi tunarudi.

Basi hilo ndilo jambo lenyewe.

*

Wakazaji walikuwa wamekuja kabla ya hapo. Siwezi kusema ni miaka mingapi kabla, kwa kuwa miaka yote iliingia ndani ya ile Alhamisi ikakaa pamoja, ya juzi na ya kesho kutwa, magoti yanagusana. Mkubwa wao, Mkazaji Mkuu, aliitwa Bwana Hamdani. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa mtu asiyeweza kulala kitu kikigongana na kitu. Viatu vyake vilifungwa mafundo matatu kila kimoja, na kofia yake ilikuwa na kamba ya kidevuni. Alisimama sokoni akatangaza maneno mawili tu: kilicholegea kikazwe, kilicho wazi kizibwe. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, maana nani anapenda vitu vilivyolegea? Wakapita nyumba kwa nyumba na kisanduku cha misumari midogo, nta, na risasi ya kuyeyusha. Na kwa sababu walikuwa waangalifu kweli, waliona mambo ambayo sisi wenye vitu hatujawahi kuyaona. Waliona kitundu kidogo juu ya kifuniko cha birika. Waliona kitundu chini ya kufuli, ubavuni mwa tundu la ufunguo, kidogo kama jicho la sisimizi. Waliona ule mwanya nyuma ya nyundo. Waliona kipande kidogo cha chuma kwenye ncha ya futi ya fundi, kile kinachonasa ukingo wa ubao, ambacho Mjomba hukiita ulimi, kwamba kimelegea, kinaenda na kurudi. Waliona yote. Hawakuuliza hata moja. Matundu na mianya wakaiziba, na ulimi wa kila futi wakaupiga msumari.

Nilikuwa najiuliza, na hata sasa ninapoandika ninajiuliza: yule aliyetengeneza kitu cha kwanza duniani, alianza na kitu au alianza na nafasi? Mfinyanzi unamwona anapapasa udongo, lakini wewe unanunua ile sehemu ambayo hakuigusa, pale maji yatakapokaa. Mshonaji anauza kitambaa lakini shingo inapita pasipo na kitambaa. Nimekaa sana na vyombo, kuliko nilivyokaa na watu. Ukikiosha chombo kila siku, miaka, mkono unaanza kukijua kabla ya kichwa. Na vyombo husema, ila havisemi na mwenye haraka.

Birika linasema: Wameniheshimu, wameniziba. Sasa ukiniinamisha nakohoa. Chai imejaa tumboni, mdomo uko wazi, na haitoki ila kwa kwikwi. Yule aliyenitoboa kichwani alijua. Hewa, dada. Nilikuwa nakunywa hewa, nawanywesha ninyi chai.

Kufuli linasema: Mvua ilikuwa inaingia juu inatokea chini. Sasa inaingia tu. Nina bwawa humu ndani. Nina kutu wanaozaliana.

Nyundo inasema: Mimi nagongomea. Nyuma yangu palikuwa na mwanya wa kung'olea msumari uliokosewa, wameujaza risasi. Kwa hiyo siku hizi hakuna msumari unaokosewa.

Na mimi, je? Mimi nina mwanya. Hapa mbele, kati ya meno mawili ya juu. Zamani kwetu msichana mwenye mwanya aliimbiwa. Lakini Wakazaji walipofika kwa Mwasiti wa jirani, wakamziba wake kwa nta, kwa adabu kabisa, hata pole walimpa, na tangu hapo Mwasiti hakuweza kupiga mluzi wala kurusha mbegu ya chungwa. Nilipoona hivyo nikafunga mdomo. Nikawa yule msichana mtulivu, anayeitika kwa kichwa. Watu wakasifu: Mwajabu ana heshima, hachekicheki. Heshima gani! Nilikuwa naficha tundu.

*

Mjomba Mbwana alihamishia meza yake ya kuranda uani, mbele ya chumba kipya cha Tunu, ili mlango wa saba utengenezwe huku unatazamana na fremu yake. Mbao zilikuwa mezani. Hakuwa na ujasiri wa kuzikata. Aliziranda, akazipuliza, akaziranda tena, hadi Shangazi Mwanamvua, shangazi yake bwana arusi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wageni tangu mlango wa kwanza, akashindwa kuvumilia.

"Fundi, unaziranda au unazisinga kama bibi arusi?"

"Mbao inataka subira, bibie."

"Subira! Wa nne ulisema mbao imenywea. Wa tano ukasema imevimba. Wa sita ukasema kuna upepo. Huo mlango wenu una adabu za paka: unakuja, unagusa mguu wa mtu, unaondoka."

Watu wakacheka. Mjomba naye alicheka, lakini macho hayakucheka. Pazi, bwana arusi, alikuwa amesimama kwenye kona ya ua na kanzu yake iliyokwisha kufuliwa mara ishirini Alhamisi hiyohiyo moja.

"Shangazi, mwache Mjomba afanye kazi," alisema.

"Wewe nyamaza, bwana arusi mkongwe. Umenyoa ndevu mara ngapi leo?"

"Arobaini na moja."

"Na bado leo!"

Kutoka ndani, kupitia ule mlango wa sita ulioegemezwa tu, Tunu akapaza sauti. "Shangazi, usimseme mume wangu!"

"Mume wako yuko wapi? Hapa naona kijana aliyevaa kanzu."

Walicheka tena, na Tunu alicheka kule ndani, lakini nilikuwa nimemfunga leso kichwani dakika chache kabla na nilijua. Alikuwa ameniuliza kwa sauti ya chini, "Mwaja, na wa saba ukirudi?" Nilimpangusa jasho puani, kwa kuwa yeye mikono yake ilikuwa haitumiki.

Bwana Hamdani akaingia na kisanduku chake. Kila mlango wa arusi lazima Mkazaji Mkuu aukague. Alimwamkia kila mtu kwa zamu, akakaza kamba ya kidevu, akaigusa meza kuona kama inatikisika. Ilitikisika kidogo. Akachomeka kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja. Ndipo ikatikisika kweli.

"Tuendelee, Fundi," alisema.

Nilikuwa nafagia takataka za randa. Hapo ndipo nilipokuwa, chini, mahali pangu pa siku zote, pale ambapo hakuna anayekutazama na wewe unatazama kila kitu. Mjomba akaenda kwenye fremu, akavuta futi yake, akausukumiza ule ulimi ukutani mwa fremu upande huu, akasoma namba upande ule. Akarudi mezani, akaunasa ulimi ukingoni mwa ubao, akavuta, akatia alama ya penseli kwenye namba ileile. Kama alivyofanya mara sita. Kama alivyofanya maisha yake yote.

Nami nikasikia kitu kisichokuwapo.

Sijui kama umewahi kusikia kitu kisichokuwapo. Ni kama kupanda ngazi ukadhani ipo moja zaidi. Niliinuka na ufagio mkononi, nikawa na miaka tisa, nimemshikia Mjomba ncha ya futi, na futi bado haijapigwa msumari. Akisukumiza fremuni, ule ulimi unarudi ndani: tk. Akinasa ubao na kuvuta, ulimi unatoka nje: tk. Tk, tk, kutwa. Nilikuwa nikidhani futi inapumua. Nilimuuliza, Mjomba, mbona imelegea? Akasema, nimeikuta hivyo, mwanangu, na aliyenifundisha aliikuta hivyo. Nikainama, nikawa na ishirini. Kimya. Mjomba anapima na hakuna tk.

Nilichukua ufito mmoja kwenye rundo. Hakuna aliyeniuliza. Nikaazima futi Mjomba alipoiweka chini kunoa penseli, nikapima fremu kwa kusukumiza, nikanasa ufito kwa kuvuta, nikaukata kwenye namba ileile. Nikaupeleka kwenye fremu nikauweka katikati, ukuta hadi ukuta.

Ukaanguka.

Nikauokota nikaweka tena, nikaushika kwa kidole upande mmoja. Upande wa pili palibaki upenyo mwembamba, unene wa ukucha. Mwanga wa ile alasiri ndefu ulikuwa unapita hapo kama unapita kwake. Nikachukua ule ulimi wa futi, kale kachuma, nikakachomeka kwenye upenyo.

Kakaenea. Hakakuzidi wala hakakupungua.

Kumbe ulimi ulilegea kwa unene wake wenyewe! Ukisukumiza, unajiondoa, usihesabiwe. Ukivuta, unajiondoa upande wa pili, usihesabiwe. Chombo cha kupimia kilichojua kwamba na chenyewe kina unene, na kinasogea pembeni ili kisiseme uongo. Sijawahi kukutana na mtu mwenye adabu hiyo. Na sisi tukakipigilia msumari.

*

Sasa ilibidi niseme.

Sikiliza, mimi si mtu wa kusimulia ushujaa. Nilisimama pale na ufagio, mdomo nimeubana, na mbele yangu Bwana Hamdani na kisanduku chake kiko wazi, nta naiona. Mjomba alikuwa ameshika msumeno, meno yake yamegusa alama ya penseli. Akivuta mara moja tu, basi, hakuna ubao mwingine. Nyuma yangu Tunu, mikono mbele. Niliwaza mwanya wangu, niliwaza mluzi, ambao naupiga nikienda kisimani peke yangu, furaha yangu ndogo isiyomsumbua mtu. Niliwaza, kwani nani atajua nisiposema? Watamlaumu upepo.

"Mjomba, usikate!"

Watu waligeuka kumtafuta aliyesema.

"Nani huyo?" Shangazi aliuliza.

"Mimi, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe unasema!"

"Mjomba, sio mbao. Sio upepo. Wewe hujakosea hata mlango mmoja. Huu ulimi unatakiwa ulegee." Nikawaonyesha ufito. Nikauweka, ukaanguka. Nikachomeka ulimi kwenye upenyo, ukaenea. Nikarudia, maana watu wazima wanataka kuonyeshwa mara mbili. Pazi aliacha kona yake akaja kuchuchumaa kando yangu, akaweka jicho kwenye upenyo.

"Mungu wangu," alisema. "Alhamisi yote imepitia hapa."

Mjomba Mbwana aliweka msumeno chini polepole sana. "Nilidhani ni mikono yangu," alisema. "Nilidhani nimezeeka."

Bwana Hamdani alikuwa amekuwa mwekundu masikioni. "Lakini kimekazwa," alisema. "Kitu kilichokazwa hakiwezi kusababisha kulegea."

"Bwana Hamdani, sikatai," nilisema. "Umeukaza ulimi. Umelegeza milango."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, si kwa kumcheka yeye, kwa kuona tu. Na mimi, wallahi sikujizuia, nilikuwa sijacheka tangu nijue kusoma, kicheko kikatoka na mdomo ukafunguka wote.

"Anao!" Shangazi Mwanamvua alipiga kelele, amesimama. "Jamani, huyu mtoto ana mwanya! Mwanya kama mlango wa peponi, na mnamweka ufagioni!"

Niliziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa nimechelewa. Bwana Hamdani aliniangalia, akaiangalia nta, mkono wake ukaenda kisandukuni wenyewe, kwa mazoea, halafu ukasimama njiani.

"Tung'oe kwanza huu msumari," alisema Mjomba. "Mengine baadaye."

Akachukua nyundo, akaigeuza. Nyuma palijaa risasi, laini, inang'aa. Akaiweka. Pazi akajaribu kwa kucha zake, ukucha ukavunjika. Wakajaribu kisu, kikateleza. Mji mzima ulikuwa na vitu elfu vya kugongomea na hauna kimoja cha kung'olea. Tukatazamana. Msumari wenyewe mdogo kama mbegu ya nyanya, kichwa kimeinuka kidogo tu, kiasi cha kushikwa na kitu chenye mwanya mwembamba.

Nadhani nilielewa kabla ya wao. Niliuondoa mkono mdomoni. Nikaichukua futi, nikaileta midomoni kama mtu anayetaka kuibusu, kichwa cha msumari kikaingia kati ya meno yangu mawili, kikakaa, kikakamatika. Kama kilichopimwa. Nikauma, nikavuta shingo nyuma.

Msumari ulilia kidogo. Ukatoka. Nikautema mbali, ukaruka juu ya meza ya kuranda, ukamgonga Bwana Hamdani kofiani. Ladha ya chuma ilibaki ulimini, ladha nzuri, kama ya maji ya kisima cha asubuhi.

"Jaribu, Mjomba."

Akaenda kwenye fremu, akasukumiza. Tk.

Akarudi kwenye ubao, akavuta. Tk.

Wengine walikuwa wamezaliwa ndani ya Alhamisi ile na hawakuwahi kuisikia sauti hiyo. Mjomba alisukuma na kuvuta tena, si kwa kupima, kwa kusikia tu, tk, tk, huku machozi yanamwingia ndevuni na anacheka kama mtoto aliyepewa saa. Halafu akakata.

*

Niliingia chumbani na Tunu, maana alihitaji mtu wa kumshikia kanga. Mjomba akatia bawaba, akapuliza vumbi, akatoka nje. Tunu akasimama mbele ya mlango wa saba. Hina ikadondoka tone moja sakafuni.

"Mwaja, nakufa."

"Utakufa umeolewa. Sukuma."

Akanyoosha kidole cha mwisho. Akagusa.

Mlango ukaenda bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Ukafika. Tukangoja urudi, kwa mazoea.

Ka.

Sijui nikwambieje kuhusu chumba kilichofungwa, wewe uliyezoea vilivyofungwa. Palikuwa na giza laini, na pumzi zetu mbili. Nje vigelegele viliruka, Shangazi Mwanamvua akiwazidi wote, na Pazi anapiga kelele, "Mimi ni mume! Ni Ijumaa na mimi ni mume!" Kwa upenyo wa dirisha nililiona jua juu ya paa la mashine ya kusaga likijinyoosha, likishuka, likishuka upesi kama aliyechelewa nyumbani. Tunu akageuza viganja vyake. Hina ilikuwa inakauka tukiitazama, inapasuka mistari midogo, harufu yake imejaa chumba.

Halafu tukasikia kitu. Ko, ko, ko. Mbao ikigongwa kwa vidole.

Tulishtuka. Hakuna aliyewahi kugonga mlango mji huu tangu Alhamisi. Uugonge wa nini, upo wazi. Ikagongwa tena, na sauti ya Bwana Hamdani, ndogo, imesimama mbali kidogo na mlango, ikasema neno ambalo nilikuwa nimelisoma tu kitabuni.

"Hodi."

Nikamtazama Tunu, naye akanitazama.

"Samahanini, mabibi," aliendelea. "Najua ni arusi. Lakini na mimi nina futi yangu hapa. Ile ya baba yangu. Niliikaza mwenyewe, nikiwa kijana." Nilisikia kamba ya kidevu ikifunguliwa. "Nilikuwa naomba, kama yule msichana mwenye mwanya hana kazi nyingi..."

Lile neno, hodi, lilikuwa bado limo chumbani, linazunguka, na tulitaka lizunguke kidogo.

"Mwambie karibu," alininong'oneza Tunu.

"Mwambie wewe. Nyumba yako."

Alikohoa, akajitengeneza sauti, sauti ya mke wa mtu. "Karibu!" alisema. Na akaufungua mlango kwa mkono mzima, hadi mwisho, hadi ukagonga ukuta, akicheka, kwa kuwa alijua utafungika tena.